Hofu ya Uhamiaji Isikuzuie Kupima

Leo tunazungumzia hofu inayowazuia wahamiaji wa Kilatino nchini Marekani kupima virusi vya UKIMWI (VVU).

Mtu anafika kliniki, anapewa fomu ya kujaza jina na anwani, anairudisha mezani na kuondoka. Anahofia karatasi ile isije ikamfikisha mikononi mwa maofisa wa uhamiaji.

Hofu hii ina chanzo. Kuanzia 1987, Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia nchini. Marufuku hiyo ilikoma Januari 4, 2010, na kipimo cha VVU kikaondolewa kwenye uchunguzi wa afya wa wahamiaji. Hata hivyo, si wote waliopata habari hizo, na misako ya uhamiaji inazidisha woga.

Anayechelewa kupima huchelewa kutibiwa. Dawa zikitumiwa ipasavyo, virusi hufubaa hadi visionekane kwenye kipimo, na mtu hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono.

Ndugu msikilizaji, ukiwa na jamaa ughaibuni, mshauri hivi: aulize kwanza taarifa zake zitatunzwaje, aulizie vipimo visivyodai jina, kisha apime mapema.