BUSHI ZISIZOTAKA MAFUTA
Jinsi zinavyojaribiwa katika joto kali

(Maneno ya hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa mitambo)



Kila mwenye kinu cha kusagia mahindi au motokaa aijua bushi. Ni kipande cha madini mfano wa pete nene, ambamo shafti huzunguka. Bushi ikikosa mafuta hulia, kisha hulika, na mwisho hushikamana na shafti, mashine ikasimama.

Tangu miaka ya 1930 ziko bushi zinazofanywa kwa unga wa shaba na bati, uliogandamizwa na kuchomwa, zenye vitundu vidogo vilivyojaa mafuta. Shafti izungukapo mafuta hutoka, na isimamapo hurudi ndani. Hizo ni njema, lakini si kwa kila mahali. Katika injini za ndege ziko sehemu zinazopata joto la digrii 500 za sentigredi na zaidi, na hapo mafuta huungua. Hata grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli, nayo huanza kuungua katika hewa yenye joto kama hilo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa NASA mjini Cleveland, Marekani, walitengeneza mchanganyiko mwingine. Katika sehemu 100, 60 ni nikeli na kromiamu, ambazo hushika umbo. 20 ni oksidi ya kromiamu, ambayo huongeza ugumu. 10 ni fedha, ambayo hulainisha wakati wa baridi. Na 10 ni chumvi za floridi, ambazo hulainika katika joto kali.

Je, hujaribiwaje? Bushi hupimwa kwanza, kisha huwekwa katika tanuri, na shafti huzungushwa ndani yake chini ya mzigo. Nguvu ya msuguano huandikwa. Baadaye bushi na shafti hupimwa tena, ili ijulikane zimelika kiasi gani. Jaribio hufanywa katika moto, na katika baridi pia. Msidharau hilo la baridi, kwa maana kila injini huwashwa ikiwa baridi, na bushi iliyo hodari katika moto tu yaweza kuharibika kabla injini haijapata joto.

Basi muuzaji akikuambia kwamba bushi yake haitaki mafuta, mwulize: imejaribiwa katika joto gani, na chini ya mzigo gani? Kuuliza si ujinga. Bushi ni kitu kidogo, lakini ikishikamana angani, roho za watu zimo hatarini.