Tujifunze Kiingereza: neno "go"

(Muziki wa kipindi. Unapanda, kisha unashuka taratibu.)

Ukiwa Kuluba unasubiri basi, ukiwa Lobule, Imvepi au Rhino Camp, au ukiwa sokoni Arua unapanga nyanya zako, sogea karibu. Kama una mtoto anayesoma, mwite akae nawe, maana mtasaidiana.

Leo tuna neno moja tu la Kiingereza: "go". Tamka "gou". Maana yake ni kwenda. Ni neno dogo, lakini mtu aliyekimbia nyumbani hulisikia tangu siku anayovuka mpaka: nenda meza ile, nenda kwenye foleni, nenda ukapime afya. Na yeye huulizwa: ulikwenda wapi, unakwenda wapi, mumeo amekwenda wapi? Ukilikosea sokoni, watu watacheka na wewe utacheka. Ukilikosea mbele ya karani anayeandika habari za familia yako, kosa linaweza kubaki kwenye faili.

Tuanze na nyakati. Kwa Kiswahili tunabadilisha silabi ya katikati: na, li, me, ta. Kiingereza hubadilisha neno lenyewe. Soma kwa sauti pamoja nami.

Ninakwenda Koboko sasa hivi: "I am going to Koboko."

Mtoto wangu huenda shule kila siku: "My child goes to school every day."

Nilikwenda Arua jana: "I went to Arua yesterday."

Amekwenda Arua: "She has gone to Arua."

Nitakwenda kesho: "I will go tomorrow."

Umeona? "Go" limegeuka "went", na "went" halifanani nalo hata kidogo. Usiseme "goed". Watoto wa Kiingereza wenyewe hukosea hapo, basi usione haya. Wakati uliopita ni "went", uwe mimi, wewe, yeye au sisi. Na usiongeze "i" mwishoni ukasema "wenti". Funga kinywa kwenye "t".

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike penye uzito. Tuchukue mfano wa mama aliyefika Kuluba na watoto watatu. Mume wake alirudi Kongo kumtafuta mama yake mzee, na hajaonekana tangu siku hiyo. Karani anauliza: mumeo yuko wapi? Mama anataka kujibu kwa Kiingereza chake kidogo.

Akisema "My husband went to Congo", amesema kweli, lakini nusu. Ni kama kusema "alikwenda Kongo". Karani hajui kama alirudi au yuko huko bado.

Akisema "My husband has gone to Congo", ni "amekwenda Kongo". Aliondoka, na mpaka sasa hayupo hapa. Hiyo ndiyo sentensi anayoihitaji.

Akisema "My husband has been to Congo", maana yake ni kwamba alikwenda na amekwisha kurudi. Karani atatazama huku na huku akimtafuta mume huyo.

Na akisema kwa kifupi "My husband is gone", hapo pana hatari. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana kwamba hayupo tu. Lakini Waingereza huyatumia pia kwa mtu aliyefariki, kama sisi tunavyosema "ametutoka". Baba aliye hai anaweza kudhaniwa marehemu. Siku atakapofika akitaka kuungana na watoto wake, kazi ya kueleza itaanza upya.

Kwa hiyo, mama, baba, shika hii: kama mtu yuko hai lakini hayupo nawe, sema alipo, kisha ongeza "He is alive", yaani yu hai. Kama hujui alipo, sema "I don't know where he is". Na kama Kiingereza kinakushinda, usijitese. Omba mkalimani. Sema "I need an interpreter". Kuomba mkalimani si aibu. Kabla ya kutia sahihi au kidole, omba usomewe kilichoandikwa, kwa lugha unayoielewa.

(Muziki mfupi.)

Jambo la pili ni kineno "to". Sisi tunasema "naenda Arua", hatuweki kitu katikati. Kiingereza hutaka "to": "I go to Arua." Ukitaka kukumbuka, tazama "ni" ya mwisho katika sokoni, kanisani, msikitini. Kazi inayofanywa na ile "ni" ndiyo inayofanywa na "to": naenda sokoni, "I am going to the market." Lakini nyumbani, hapa na pale havitaki "to". Sema "go home", "go there". Usiseme "go to home".

Jambo la tatu ni mitego ya masikio. Iko minne.

Mtego wa kwanza: "going to" mara nyingine si safari. Ukisikia "We are going to call your name", hakuna anayeondoka. Ni wakati ujao: tutaita jina lako. Kaa hapo hapo.

Wa pili ni wa hapa hapa Uganda. Karani anasimama, anasema "I'm coming", halafu anatoka nje. Usishangae. Anataka kusema: naenda kidogo, narudi sasa hivi. Sisi pia husema "nakuja" huku tumeshika njia. Msubiri, usiache nafasi yako.

Wa tatu ni "go back". Huu huwashtua wengi, kwa sababu maana yake ni rudi, na mtu aliyekimbia risasi hataki kusikia rudi. Tulia, usikilize kinachofuata. "Go back to the line" ni rudi kwenye foleni. "Go back to your seat" ni rudi ukae. Na kama unaogopa kwamba unaambiwa urudi ulikokimbia, uliza: "Go back where?" Rudi wapi? Ujue pia kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini.

Wa nne ni "go and see", nenda ukaone. Katika kazi za wakimbizi, hii ni ziara: watu wachache hupelekwa nyumbani kutazama hali ilivyo, kisha hurudi kuwaeleza wenzao. Kwenda kuona si kuhama. Ukialikwa kwenye mkutano wa habari hiyo, uliza maswali mawili: nani atakwenda, na atarudi lini?

(Muziki mfupi.)

Sasa zoezi. Funika sehemu ya chini ya karatasi kwa mkono. Sema kwa Kiingereza: Nilikwenda Koboko jana. Dada yangu amekwenda sokoni. Tunakwenda nyumbani.

Tayari? Ondoa mkono.

"I went to Koboko yesterday."

"My sister has gone to the market."

"We are going home."

Ukipata zote tatu, mfundishe jirani. Ukipata moja, soma tena leo jioni ukisubiri chungu kichemke. Sote tulianza na moja.

Wiki ijayo tutachukua ndugu yake "go", neno "come", yaani kuja. Mpaka hapo, njia njema kwa anayekwenda, na subira kwa anayengoja. Kwaheri ya kuonana.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)