Hazina Haikuliwa, Ilikuwa Njiani

(Mazungumzo ya Kamati siku ya sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi, Nyarugusu)

 

Siku kama hii ni desturi kuhesabu mafanikio. Hayo yamo katika risala ya Mwenyekiti. Sisi wa Kamati tumeombwa tuzungumzie jambo moja lililokaribia kukivunja kikundi, yaani zile shilingi milioni 6 za mashine ya kusaga.

Wengi mnakumbuka. Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 tulikwenda Geita mjini kuiagiza benki yetu imlipe muuza mashine wa Mwanza, ambaye akaunti yake iko benki nyingine. Tulifika tumechelewa, saa za malipo ya siku hiyo zimekwisha. Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikaumia sana. Jumatatu tukapiga simu benki. Jibu: "Mtandao hamna, mama." Kwetu fedha zimetoka, Mwanza hazijafika. Basi maneno yakaanza kisimani na sokoni: mweka hazina kala.

Baadaye tulipouliza vizuri tulielezwa hivi. Benki hazibebeani magunia ya noti. Kila benki ina akaunti yake Benki Kuu, na tangu mwaka 2004 upo mfumo uitwao TISS. Benki Kuu humpunguzia huyu na kumwongezea yule, malipo mojamoja, na yakishapita yamepita. Lakini mambo mawili huweza kuyakwamisha. La kwanza ni hitilafu: umeme, kompyuta, mtandao. La pili ni benki inayolipa kukosa fedha za kutosha katika akaunti yake kwa saa ile. Hapo agizo linakaa foleni. Benki ya kwanza inaingoja ya pili, ya pili inaingoja ya tatu, na ya tatu inaingoja ya kwanza. Wote wana mali, ila hakuna anayelipa! Ndiyo maana Benki Kuu huzikopesha benki fedha za kutwa moja, kwa dhamana, zirudishwe jioni.

Wataalamu huita jambo hili ukwasi. Kwao si utajiri tu, ni kuwa na fedha mkononi saa zinapotakiwa. Hata wakubwa hukwama. Tarehe 21 Novemba 1985, huko Marekani, kompyuta za Bank of New York ziliharibika. Benki ikawa inalipia hati za serikali zinazoingia, lakini haiwezi kuzipeleka kwa wanunuzi ili nayo ilipwe. Ilibidi ikope zaidi ya dola bilioni 20 kwa usiku mmoja kutoka benki kuu yao. Haikuwa maskini. Fedha zake zilikuwa njiani.

Sasa turudi kwetu. Muuza mashine alituambia: tumeni kianzio laki tano, nitawashikia. Tukafungua sanduku kwa funguo zote tatu, tukakuta elfu arobaini na mbili. Zote tumekopeshana! Mama wa dagaa anamngoja mama ntilie, mama ntilie anawangoja vijana wa duara, vijana wanangoja mawe yao yasagwe karashani. Wakala wa simu naye hana floti. Jamani, ile foleni ya benki ilikuwa hapa hapa kwetu.

Mashine ikauzwa kwa mwingine. Fedha zetu zikafika Jumatano tarehe 15, bila kupungua hata senti. Tulingoja mashine nyingine miezi miwili, na bei imepanda.

Lakini hasara kubwa haikuwa ya mashine. Kwa siku tatu mama yetu mweka hazina hakusalimiwa njiani, na risiti ya benki alikuwa nayo mkononi. Hakuna aliyemwomba aioneshe, hata sisi wa Kamati. Leo tunamwomba radhi mbele yenu, na tumetaka iandikwe katika kijitabu hiki ili wajukuu zetu waisome.

Tangu hapo tumejiwekea taratibu hizi:

1. Sehemu moja ya kumi ya fedha za sanduku haikopeshwi.
2. Agizo la benki hupelekwa asubuhi, na kamwe si Ijumaa.
3. Namba ya malipo husomwa mkutanoni, kila mwanachama aiandike.
4. Hakuna kumtuhumu mtu kabla benki haijaulizwa kwa barua.

Ndugu wafadhili, nanyi tunawaomba: mchango wa Jumatatu usitumwe Jumapili usiku. Akina mama, mkopo ukiiva ulipeni, kwa maana mwenzako yuko foleni nyuma yako.

Mashine inasaga. Mweka hazina ni yule yule.