Kazi ni yetu, siku si yetu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wenyeji wa Pweto,

Tumepeleka barua mbili kwa wakubwa wa kazi, juu ya mishahara na maji ya kambi. Hatukujibiwa. Sasa wengine wanatuuliza: «Barua ya tatu ni ya nini? Mnajisumbua bure.» Leo tunawajibu.

Tuwakumbuke ndugu zetu wa Lubumbashi na Likasi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Vita ilikuwa imepandisha bei za vitu, na mishahara haikutosha. Msemaji wao mmoja alikuwa Léonard Mpoyi, karani kama sisi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa, na Mpoyi pamoja nao.

Aliyefanya hesabu jioni ile alisema wamepoteza yote. Lakini mwaka 1946 serkali ya Wabelgiji iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi, ijapokuwa iliviangalia kwa jicho kali. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru. Mwanzo wa 1967 migodi ya Union Minière ikawa mali ya taifa. Hatusemi mgomo ule peke yake ulileta hayo yote. Tunasema Mpoyi hakuona hata moja, na hata hivyo kazi yake haikuwa ya bure.

Angalieni wavuvi wa ziwa letu Moero. Mchana wanashona wavu, usiku wanaingia majini. Mvuvi akirudi na mtumbwi mtupu, hauchomi wavu wake. Anatafuta tundu, analiziba, kesho anarudi.

Wandugu, mishahara na maji tunavitaka sana. Lakini tusifunge moyo kwa siku ya kuvipata. Aliyejifunga hivyo, siku ile ikipita anavunja madirisha, ao anakaa nyumbani, ao anapokea noti chache na kunyamaza. Wakubwa wanamngojea huyo.

Basi barua ya tatu tutaiandika vizuri kuliko zile mbili, pamoja na hesabu ya bei ya unga na ya ndoo za maji. Kila mtu atie sahihi ao alama ya kidole. Wakijibu, tutashukuru na kuendelea. Wasipojibu, karatasi ya barua ya nne tunayo.