Sataranji ya Mwalimu

Leo nazungumzia mchezo wa sataranji, na tafadhali usiniambie kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Jina hilo tumelipata kwa Waarabu na Waajemi, pamoja na neno shaha, yaani mfalme wa mchezo huo, ambalo washairi wetu nao humpa mkubwa wao.

Mimi nilijifunza hapa hapa Kanazi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikafunguliwa, na wilaya yetu ya Ngara ikajaa wageni wa kila taifa. Mmoja wa wageni hao, mfanyakazi wa kambini, alimfundisha mwalimu wetu wa darasa la sita kucheza sataranji. Mwalimu naye akatufundisha sisi, juu ya kipande cha katoni kilichochorwa miraba 64 kwa mkaa. Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda. Ndani ya kila kizibo tulibandika karatasi yenye herufi: F farasi, N ngome, A askofu. Askari hawakuandikwa kitu, ndivyo walivyojulikana.

Sasa Mwalimu amestaafu, na presha ya macho imemwondolea nuru karibu yote. Basi nilipopata safari ya Dar es Salaam niliazimia kumletea sataranji ya kweli, ya mpingo. Katika soko moja la vinyago nikaonyeshwa seti ambayo kila kete ni Mmasai: mfalme ana fimbo, malkia ana shanga, askari wana ngao. Ilikuwa inang'aa kama kioo. Nililipa, nikaipakata ndani ya basi zaidi ya kilometa 1,000.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe huo mzigo."

Alizitoa kete moja moja, akazipapasa tangu kichwani hadi miguuni. Akanyanyua moja akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu kuwa ni malkia. Akachukua nyingine. "Na huyu?" Askofu. Akazishika zote mbili, moja kila mkono, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, umeniletea harusi ambayo watu wote wamevaa sare."

Nilipotazama vidole vyake, vilikuwa vyeusi. Ule mpingo wangu ulikuwa mti mwingine uliosuguliwa dawa ya viatu.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimemnunulia kipofu kitu cha kutazama, tena kwa bei ya mpingo.

Wewe usifanye kama mimi. Mpingo wa kweli ni mzito mno, kipande chake kikitumbukizwa majini huzama. Weusi wake umo ndani ya kiini cha mti, na nje ya kiini hicho kuna tabaka jembamba jeupe la manjano, ambalo mchongaji stadi huliacha lionekane kwa makusudi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, usugue kwenye kitako cha kete. Rangi ikitoka, rudisha. Mti huu huchukua miongo mingi kukomaa, na viwanda vya Ulaya huutafuta kwa kutengenezea zumari zao, kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya bure ana sababu zake.

Rangi peke yake haitoshi. Uingereza nako walikuwa na seti za mapambo ambazo wachezaji walizichanganya, mpaka mwaka 1849 ulipoandikishwa mtindo unaoitwa Staunton, kwa jina la bingwa wa siku hizo. Katika mtindo huo malkia ana taji la meno, askofu ana mkato kichwani, ngome ni mnara, farasi ni kichwa cha farasi. Unamtambua kila mmoja hata kwenye kiza. Kitako kiwe kipana, karibu nusu ya urefu wa kete, la sivyo mfalme ataanguka kila mtu anapokohoa. Na ubao nao upimwe: askari wanne waenee ndani ya mraba mmoja.

Haya yote Mwalimu aliniambia kwa mdomo, nami nikayaandika, nikampelekea fundi seremala wa hapa kwetu mwenye mashine ya kukereza. Fundi alitumia mninga kwa upande mweusi na mti mwepesi mweupe kwa upande wa pili. Kete nyingi zilimalizika upesi. Farasi wanne ndio waliomsumbua, maana farasi hakerezwi, huchongwa kwa kisu. Wa kwanza alitoka na sura ya mbuzi. Tulimwacha hivyo hivyo.

Kisha tukafuata desturi ya vipofu wanaocheza mchezo huu duniani. Kila mraba una tundu, kila kete ina kijiti chini yake ili isisukumwe na mkono unaopapasa. Miraba myeusi imeinuliwa kidogo. Kete nyeusi zina alama, na sisi tulipigilia kimsumari kidogo utosini.

Wale Wamasai wako juu ya kabati langu la vyombo. Nakiri kwamba wanapendeza, na aliyezichonga zile nyuso ana mkono mzuri. Ningelijua nanunua pambo, na kwa bei ya pambo, nisingekuwa na neno. Wageni huwasifu. Hakuna aliyewahi kuniomba tucheze.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mwalimu baada ya chakula cha mchana. Vidole vyake vilipita juu ya ubao taratibu, vikamkuta yule farasi mwenye sura ya mbuzi, vikamchomoa na kumpachika karibu na mfalme wangu. "Shaha," akasema, akaagiza chai.