MAJI MAKALI
Hotuba kwa walimu na waumini juu ya uchungu uliofichwa moyoni mbele za Mungu

Siku hizi za Yubilei tumeimba sana, na ni haki kuimba. Injili iliyoletwa Mpwapwa mwaka 1876 haikufa kwa kiu katika nchi yetu kavu. Na Dayosisi iliyosimamishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Alexander Chambers imekuwa mama wa dayosisi nyingine. Lakini sisi tuliopewa zamu hii tumeombwa neno litakalowafaa watu wakiisha kurudi nyumbani, ngoma zikiisha kunyamaza. Basi tumechagua jambo lisilosemwa sana siku ya sikukuu, nalo ni uchungu wa Mkristo juu ya Mungu wake, ule anaouficha hata machoni pake mwenyewe.

Wasafiri wa zamani waliotoka pwani, wakiisha kupita Mpwapwa, walifika Chunyu, na mbele ya Chunyu iliwangoja nyika iitwayo Marenga Mkali, maana yake maji makali. Njia kuu ya kuingia Ugogo ilipita hapo. Watu walijaza vibuyu vyao, wakaenda mchana na usiku, kwa kuwa katikati hapakuwa na maji ya kutumainiwa. Twaona kwamba hata moyo wa mwamini una Marenga Mkali yake, na wengi wanaoshindwa kuivuka ni watu wa kanisani, waliobatizwa, wanaoshika Kitabu cha Sala mikononi.

Tuseme kwanza uchungu huu ni nini. Huzuni si dhambi. Bwana wetu alilia kaburini pa Lazaro. Uchungu ni huzuni iliyofungiwa ndani, ikakosa mlango, ikaanza kuoza. Mtu amempoteza mtoto, au ng'ombe wake wamekwisha kwa maradhi, au ameomba miaka kumi asipate alichoomba. Hakumwacha Mungu, wala hakumlaumu kwa kinywa. Alisema, "Ni mapenzi ya Mungu," akafunga mlango. Waraka kwa Waebrania watuonya juu ya shina la uchungu, kwamba likichipuka huwatia wengi unajisi. Sisi wakulima twajua habari ya mashina. Mgunga ukikatwa juu shamba laonekana safi kiangazi chote, kisha mvua ya kwanza ikinyesha miiba yatoka palepale.

Dalili zake zajulikana. Mtu huja kanisani kila Jumapili, lakini akiwa peke yake hasali. Husema sala za kitabu pamoja na wengine, na lake mwenyewe haombi hata moja, kwa kuwa moyoni amekata shauri kwamba kuomba hakufai kitu. Jirani akipata mtoto au mavuno, yeye hutafuta kasoro katika furaha ile. Huwa mkali kwa walio dhaifu. Hukaa mbali na Meza ya Bwana, akiulizwa asema ana kazi. Na wengine, jua likiisha kuchwa, huenda kwa mganga kimya kimya, si kwa sababu wamemwamini mganga, bali kwa sababu wamechoka kumngoja Mungu.

Kwa nini uchungu huu hujificha kwetu kuliko kwa wengine? Twaona sababu mbili.

Ya kwanza yatoka katika kuamini kwenyewe. Zamani mvua ilipokosa katika Ugogo, watu walikuwa na mahali pa kupeleka lawama. Palikuwa na mtemi mwenye mawe ya mvua. Palikuwa na mizimu ya wazee iliyosahauliwa. Palikuwa na jirani aliyedhaniwa kuwa mchawi. Lawama iligawanywa kwa wengi, na mara nyingine ilimwangukia asiye na kosa, ikamwua. Injili ilituondolea haya yote, nasi twashukuru. Ikatufundisha kwamba yuko Mmoja aliyezifanya mbingu na nchi, naye ni mwema. Lakini mtu aliyeamini kwamba Mwenye mvua ni Mmoja, mvua ikikosa, hana mwingine wa kumwuliza. Swali lake zima laelekea juu. Naye akiogopa kulipeleka huko, lamrudia mwenyewe.

Sababu ya pili yatoka katika adabu yetu. Mtoto aliyelelewa vema hamjibu baba yake mbele ya watu. Huinamisha macho, hunyamaza. Adabu hii ni njema, lakini tumeichukua tukaipeleka kwa Mungu, tukadhani kwamba kunyamaza mbele zake ndiko kumheshimu. Hata hivyo baba mwenye hekima aonaye mwanawe amenuna siku nyingi, hali chakula pamoja na wenzake, hafurahii kimya kile. Humwita kando amwambie, "Mwanangu, sema lililo moyoni mwako." Je, Baba yetu wa mbinguni ana hekima pungufu ya baba huyu?

Ndugu zetu, tusiseme haya kama maneno matupu. Nchi yetu yenyewe ni shahidi. Wazee wetu walituachia jina la njaa moja, Mtunya, maana yake kunyang'anyana. Katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaiingia Dodoma, nayo yakachukua vivyo hivyo. Kisha mvua zikakosa. Nguvu za kulima zilikuwa zimepelekwa vitani. Ng'ombe ambao mtu angewauza akahemee nafaka walikuwa wamekwisha liwa na askari. Tangu mwaka 1917 hata 1920 watu walikufa majumbani na njiani. Yakadiriwa kwamba walikufa watu 30,000 katika watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Wako waliowatoa watoto wao kwa wenye chakula, ili angalau watoto wapate kuishi.

Katika vita ile ile wamisionari wa C.M.S. walifungwa, na walimu Waafrika wa misheni walikamatwa wakateswa kwa ajili ya kazi yao. Tabora ilipotwaliwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916 wafungwa walifunguliwa. Waliorudi Ugogo walirudi katika nchi iliyokuwa ikiingia Mtunya. Fikirini: mtu amestahimili mateso kwa ajili ya jina la Kristo, kisha afika kwake aona ghala tupu na uwele umekauka shambani. Hatuna haki ya kumtia mtu huyo maneno kinywani. Lakini twaweza kujua swali lililomngoja mlangoni pa tembe yake.

Mtunya yatufundisha kupambanua. Sehemu kubwa ya msiba ule ilikuwa kazi ya wanadamu. Nafaka haikutwaliwa na Mungu, ilitwaliwa na majeshi. Mara nyingi twambebesha Mungu mzigo wa mtu aliyetudhulumu, kwa kuwa mtu huyo ana nguvu nasi twamwogopa, au yu ndugu yetu nasi twamwonea haya. Basi mwenye uchungu na ajiulize kwanza, Ni nani aliyenitenda hili? Kama ni mwanadamu, na amwite mwanadamu huyo kwa jina lake mbele za Mungu, naye Mungu asimame kuwa mwamuzi wake badala ya kuwa mshitakiwa.

Lakini tukiisha kupambanua hivyo, husalia sehemu isiyo na mwanadamu wa kushitakiwa. Ni nani aliyeizuia mvua? Ni nani aliyeipeleka homa kwa mtoto huyu, ikampita wa jirani? Hapo hatuwezi kumdanganya mtu kwa majibu mepesi. Sehemu hii yapasa ipelekwe kwake Mungu mwenyewe, na Maandiko yatuonyesha njia.

Mtazameni Naomi. Habari yake yaanza kwa njaa, kama habari zetu nyingi. Yeye na mumewe walitoka Bethlehemu wakaenda Moabu, kama watu wetu waendavyo kuhemea nchi ya mbali. Huko akazika mume na wana wawili. Aliporudi, wanawake wa mji walimlaki kwa jina lake, naye akalikataa. Alitaka aitwe Mara, yaani chungu, akasema waziwazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda hivyo, kwamba alitoka amejaa akarudi mtupu. Hakusema hayo Moabu kando ya miungu mingine. Alisema hayo akiwa amerudi kwa watu wa Mungu, na jina la Mungu li midomoni mwake. Wala Kitabu hakimkemei. Huyu mwenye kulalamika ndiye aliyepakatwa mjukuu ambaye katika ukoo wake alizaliwa Mfalme Daudi, na baadaye Bwana wetu.

Mtazameni na Ayubu. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa maneno mazuri sana, naye Ayubu alinena kwa ukali hata sisi twaogopa kumsoma. Mwisho wake Mungu aliwakasirikia rafiki wale, akashuhudia kwamba mtumishi wake Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Wao walinena juu ya Mungu. Ayubu alinena pia na Mungu mwenyewe. Na Zaburi ya 88 yaisha gizani, bila neno la shukrani mwishoni. Hata hivyo utaratibu wa zamani wa Kitabu cha Sala umeiweka isomwe jioni ya Ijumaa Kuu, siku ambayo Mwana wa Mungu mwenyewe, akiwa msalabani, alimwuliza Baba kwa nini amemwacha. Kama Mwana aliuliza, nani atatukataza sisi?

Basi twawapa ninyi mlio na maji makali moyoni mashauri matatu.

Kwanza, mwambieni Mungu, tena kwa lugha mliyoliliamo mlipokuwa watoto. Kiswahili chetu cha kanisani ni kizuri, lakini wengi wetu tumejifunza kwacho maneno ya adabu tu. Mwenye uchungu na aende shambani peke yake, aseme kwa Kigogo, au Kikaguru, au Kirangi, yale aliyoyafunika. Asitafute maneno mazuri. Neno kali lililosemwa mbele za Mungu ni sala; neno tamu lililosemwa ili kumkwepa si sala.

Pili, msiukae uchungu huo peke yenu. Tafuteni Mkristo mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, mumweleze. Naomi hakurudi peke yake. Ruthu alitembea kando yake njia nzima, naye hakuambiwa kwamba alimhubiria Naomi hata neno moja. Alimshika tu, asimwache.

Tatu, msiondoke Mezani, wala msiache jembe. Msingoje moyo upoe ndipo mje. Njoni mkiwa na uchungu wenu, kama mgonjwa ajavyo na jeraha lake wazi, kwa maana aliyelifunika vizuri ndiye ambaye mganga hawezi kumtibu.

Na sisi walimu tuna neno letu. Tuingiapo nyumba ya msiba, tusiharakishe kusema mapenzi ya Mungu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba pasipo kusema, na hizo ndizo siku zao bora. Walianza kukosa walipofungua vinywa. Tukae chini pamoja na wafiwa. Mama akilia kwamba Mungu amemwonea, tusimzibe kinywa kwa aya. Huenda ndiyo sala yake ya kwanza ya kweli tangu mtoto alipougua. Tukimnyamazisha, kesho atakuja kanisani ametulia, nasi tutasema amefarijika, kumbe ameondoka moyoni na hatutamwona tena.

Hatuwaahidi kwamba mkisema mtajibiwa kila swali. Ayubu hakuambiwa sababu ya mateso yake. Wana wa Naomi hawakufufuka Moabu, na makaburi ya Mtunya yangali makaburi hata leo. Alilopewa Ayubu ni kumwona Mungu kwa jicho lake, badala ya kusikia habari zake tu, naye akaona latosha. Hilo aliyenuna mbali halipati, maana ameupa mlango kisogo.

Mwajua desturi ya mito yetu. Wakati wa kiangazi mto hauna tone, mchanga mtupu toka ukingo hata ukingo, na mgeni apitaye asema mto umekufa. Mwenyeji hachukui kata yake akaondoka. Hupiga magoti akachimba, akautupa mchanga, na mara nyingine maji ya kwanza yana tope, hayanyweki. Huyateka akayamwaga, akangoja. Kisha yaja mengine yaliyo safi. Maneno yenu ya kwanza mbele za Mungu huenda yakawa ya tope. Yatekeni, yamwageni mbele zake, msiyaogope. Chini yake yako maji ambayo Yeye mwenyewe ameyaweka.

Bwana awape ujasiri wa kuchimba, na saburi ya kungoja, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.