Hija ya Vyanzo vya Ganga na Yamuna: Nunueni Siku za Kutosha



Leo tunazungumza nanyi juu ya hija ambayo baadhi ya familia za Kihindu za Afrika Mashariki huiwekea akiba kwa miaka mingi: safari ya Yamunotri na Gangotri, mahekalu yaliyo karibu na vyanzo vya mito Yamuna na Ganga, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Wengi huongeza Kedarnath na Badrinath, na ziara hizo nne kwa pamoja huitwa Char Dham. Imani ya msafiri si jambo letu kuijadili. Linalotuhusu ni mkataba anaoutia saini.

Kwanza, majira. Kwa sababu ya theluji, mahekalu haya hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei, na hufungwa Oktoba au Novemba. Tarehe hufuata kalenda ya Kihindu na hutangazwa kila mwaka. Kwa hiyo msinunue tiketi ya ndege isiyobadilishika kabla ya tangazo. Julai na Agosti ni miezi ya mvua kubwa, na maporomoko ya udongo hufunga barabara mara kwa mara. Mafuriko ya Juni 2013 yaliua maelfu ya watu jimboni humo, wakiwemo mahujaji wengi. Tarehe 5 Agosti 2025, mafuriko ya ghafla yalikikumba kijiji cha Dharali, kilicho kando ya barabara ya Gangotri.

Pili, siku. Bei ya chini mno mara nyingi hupatikana kwa kupunguza siku za safari, na hapo ndipo mnunuzi hupata hasara. Gangotri hufikiwa kwa gari. Yamunotri huhitaji kutembea au kupanda farasi takriban kilomita 5 kutoka Janki Chatti, na Kedarnath takriban kilomita 16 kutoka Gaurikund. Atakaye kufika Gaumukh, ambako maji ya Ganga hutoka chini ya barafuto, hutembea karibu kilomita 18 kutoka Gangotri, na sharti awe na kibali, kwa kuwa idadi ya wanaoruhusiwa kwa siku ina kikomo. Kedarnath iko takriban mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kituo cha Horombo mlimani Kilimanjaro. Nasi twajua kwamba waongozaji wa Kilimanjaro huwapandisha wageni polepole. Mwili huhitaji muda kuizoea hewa hafifu. Mwenye maradhi ya moyo, mapafu au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Tatu, fedha. Kila hujaji hutakiwa kujiandikisha katika mfumo wa serikali ya Uttarakhand. Tiketi za helikopta za Kedarnath zimewavutia matapeli wanaounda tovuti bandia. Nunueni kupitia tovuti rasmi tu, wala msitume fedha kwa akaunti ya mtu binafsi.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mdai majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Ratiba ina siku ngapi za akiba, barabara ikifungwa?
2. Helikopta isiporuka kwa sababu ya hali ya hewa, nani hurejesha fedha, na kwa muda gani?
3. Bima inagharimia matibabu na uokoaji katika mwinuko huo?
4. Farasi, wabebaji na vibali vimo katika bei?

Wakala asiyekubali kuandika anayoyaahidi kwa mdomo, mwacheni. Tunzeni mkataba na stakabadhi, na nakala zake mwachieni jamaa nyumbani.

Mwenda pole hajikwai. Katika milima hii, siku mbili za ziada huenda zikawa ndizo zitakazomwezesha mzazi wenu kuyafikia maji aliyoyatamani, na kurudi salama.